Kitenzi na Kijineno Chake

Kiingereza kina kitenzi "give", kutoa au kupa, na kina neno dogo "up", juu. Yakiwekwa pamoja, "give up", maana inayotoka si kutoa wala si juu: ni kukata tamaa, au kuacha jambo lililokuwa likifanywa. Vitenzi vya namna hii, ambapo kitenzi cha kawaida hufuatwa na kijineno kimoja au viwili vikazaa maana moja, vimejaa katika Kiingereza cha kila siku. "Get up" ni kuamka, "look after" ni kutunza, "find out" ni kugundua, "put off" ni kuahirisha, "run out of" ni kuishiwa. Jina ambalo wanasarufi wa Kiingereza huviita leo, "phrasal verbs", lilichapishwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary. Vitenzi vyenyewe ni vya zamani kuliko jina lao. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kuvitaja kuwa ni miongoni mwa mambo yanayowatesa sana wageni.

Mtoto wa Dirma, wilayani Hanang, huvikuta kwa wingi anapoingia kidato cha kwanza, masomo yanapohama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mwalimu wa kemia anasema "carry out the experiment". Wa kilimo anasema "dig up the roots". Msimamizi wa mtihani, dakika zikiisha, anasema "hand in your papers". "Carry" anaijua tangu shule ya msingi, na "out" pia. Kinachomshinda ni kwamba hakuna kitu kinachobebwa kwenda nje. Jaribio linafanywa mezani palepale.

Ugumu huu hautokani na Kiswahili kukosa kitu cha jinsi hiyo. Kinacho, ila kimekiweka mahali pengine. Kiswahili hugeuza maana ya kitenzi kwa kukiongezea silabi mwishoni. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo na kuweka kijineno nje yake. Enda huzaa endelea, na "go" huzaa "go on". Fuata huzaa fuatilia, na "follow" huzaa "follow up". Shika huzaa shikilia, na "hold" huzaa "hold on". Pita huzaa pitia, kama mtu anavyopitia daftari kabla ya mtihani, na "go" huzaa "go over". Pata huzaa patana, na "get" huzaa "get on". Mfano ulio mzuri kuliko yote labda ni wa tazama: kutazamia si kazi ya macho tena, ni kazi ya moyo unaongoja, na Kiingereza nacho kimechukua "look" kikaifikisha hapohapo kwa "look forward to".

Jozi hizi hazifuati kanuni moja kwa upande wowote. Hakuna mtoto aliyeelezwa kwa nini patana, iliyotoka katika pata, imekuja kuwa na maana ya kuelewana, wala kwa nini tokea, iliyotoka katika toka, ina maana ya kujiri na pia ya kuonekana ghafla. Alilisikia neno likitumika, akalichukua zima. Kwa hiyo mwanafunzi anayelalamika kwamba "give up" haina mantiki analalamikia jambo ambalo lugha yake mwenyewe hulifanya kila siku, na hakuna aliyewahi kulionea taabu.

Kuna kundi moja ambamo mfanano huo unakaribia kuwa kanuni. Kiswahili kina kimalizio cha kutengua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, vaa na vua. Kiingereza mara nyingi hufanya kazi hiyo kwa kubadili kijineno: "turn on" ni kuwasha na "turn off" ni kuzima. Wakati mwingine kitenzi nacho hubadilika, kama katika "put on", vaa, na "take off", vua. Anayetafuta neno moja la vua atapata "remove", na hatakuwa amekosea, lakini hilo ni neno la karatasi. Mama anayemwambia mtoto avue viatu mlangoni husema "take off your shoes". Hata "tengua" yenyewe, pale mahakama ya juu inapotengua hukumu ya chini yake, Kiingereza cha wanasheria huieleza kwa kitenzi na kijineno: "set aside".

Watoto wengi wa Dirma hufika shuleni na lugha nyingine tayari kichwani: Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, au Kidatooga cha Wabarabaig, ambacho ni cha jamii ya Kinailoti. Zote mbili ziko mbali na Ubantu wa Kiswahili. Jambo hilo huhesabiwa kuwa mzigo wa ziada kwa mwanafunzi. Katika somo hili ni mtaji. Kiiraqw kina alama, nayo hukaa kabla ya kitenzi, ya kuonyesha kuwa tendo linakuja upande wa msemaji. Lugha za Kinailoti za kusini, Kidatooga kikiwamo, hutofautisha katika kitenzi mwendo wa kuja na mwendo wa kwenda. Kiingereza nacho kinadai tofauti hiyo. Mtu aliyeko Dirma akisimulia kwamba ndugu yake amerudi hapo nyumbani husema "he has come back". Ikiwa ndugu huyo amerudi zake Arusha, husema "he has gone back". Kiswahili kinatosheka na "amerudi" mara zote mbili, na anayefikiri kwa Kiswahili pekee ndiye anayeteleza hapo.

Athari ya lugha ya mtu juu ya jambo hili imepimwa. Mwaka 1985 Menachem Dagut na Batia Laufer walionyesha kwamba wanafunzi wanaozungumza Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, huvikwepa na kuchagua kitenzi cha neno moja kila wanapoweza. Mwaka 1993 Laufer na Stig Eliasson waliwapima Waswidi, ambao lugha yao inavyo, na hao hawakuvikwepa. Kinorwei ni jirani wa Kiswidi: "gi opp" ya Kinorwei ni "give up" neno kwa neno. Mnorwei anayekuja kufanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo hadi leo ina uhusiano wa karibu na Norwei, hana haja ya kufundishwa kwamba "passed out", yaani alizimia, na "threw up", yaani alitapika, ni vitenzi na wala si maelezo ya mwendo. Mwuguzi aliyesoma shule za wilayani huenda akayajua "faint" na "vomit" vizuri kabisa, kisha akakwama pale mgeni aliyemleta mgonjwa anapoeleza kwa Kiingereza cha nyumbani kwake.

Tofauti kubwa kati ya silabi ya Kiswahili na kijineno cha Kiingereza ni kwamba silabi haibanduki. Katika "fuatilia" hakuna namna ya kupenyeza kitu kati ya fuata na ilia. Kijineno cha Kiingereza kinaweza kutengana na kitenzi chake, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. "Turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sahihi, hazina tofauti ya maana. Lakini redio ikitajwa kwa kiwakilishi, njia inabaki moja: "turn it off". "Turn off it" si Kiingereza. Sababu ni kwamba Kiingereza hupenda kuweka mwishoni kile chenye uzito, na "it" haina uzito wowote. Msikilizaji anajua tayari kinachozungumzwa. Kwa sababu hiyohiyo kitu kirefu hukimbilia mwisho. "Turn off the radio that your brother left on the table" husemeka vizuri, na kuibakiza "off" mpaka baada ya "table" humlazimisha msikilizaji kungoja mno.

Vipo vingine ambavyo havitengani kamwe. "Look after the calves" ni kuwatunza ndama, na kwa kiwakilishi ni "look after them". "Look them after" haipo. Mwanafunzi huuliza, na ana haki ya kuuliza, atajuaje kipi ni kipi. Vijineno "up", "off", "out", "down", "away" na "back" vikiwa na kitu cha kutendwa huwa karibu siku zote vya kutengana. "After", "for", "at", "into" na "with" havitengani. "Over", "through", "on" na "about" ni vigeugeu, na hivyo hujifunzwa kimoja kimoja. Sikio nalo husaidia: katika vile vinavyotengana mkazo wa sauti huangukia kijineno, kwa hiyo "off" katika "turn it off" husikika wazi, katika "look after them" mkazo unabaki kwenye "look", na "after" hupita haraka.

Vitenzi vyenye vijineno viwili kwa kawaida havina shida ya kutengana, kwani maneno yake hukaa pamoja: "put up with", kuvumilia, "run out of", kuishiwa, "look forward to". Hiki cha mwisho kina mtego wake. "To" iliyomo ndani yake si ile ya kutangulia kitenzi, kwa hiyo barua ya kuomba kazi humalizia "I look forward to hearing from you". Barua nyingi zinazotoka mikononi mwa wahitimu huandika "to hear", na msomaji makini huiona mara moja.

Vijineno vyenyewe havikuokotwa ovyo. Kila kimoja kina maana ya mahali ambayo polepole imezaa maana nyingine, na anayezijua hizo hubahatisha kwa akili zaidi. "Up" ni juu, lakini pia ni kukamilisha hadi kisibaki kitu: "eat up" ni kula chote, "use up" ni kutumia hadi kuisha, "dry up" ni kukauka kabisa, kama bwawa la kunyweshea ng'ombe mwezi wa Oktoba. "Off" ni kubanduka, kisha kuondoka, kisha kukoma. "Out" ni nje, na kilichotoka nje huonekana, ndiyo maana "find out", "point out" na "work out" zote zinahusu kufichua au kutatua. Lakini moto uliotoka ni moto uliozimika, hivyo "put out" ni kuzima na "die out" ni kutoweka kwa kizazi au desturi. "On" ni kuendelea. "Over" ni kuvuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine: "hand over", kukabidhi, "take over", kushika mahali pa aliyekuwapo.

Uwezo huo usiaminiwe kupita kiasi. Karatasi "burns up" na nyumba "burns down", ingawa moto ni uleule. Fomu "filled in" na fomu "filled out" ni fomu moja iliyojazwa.

Historia ya mashamba ya ngano ya Basotu, wilayani Hanang, inaweza kusimuliwa karibu yote kwa vijineno hivi. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba hayo makubwa "were set up", yalianzishwa, na shirika la umma NAFCO kwa msaada wa Kanada. Nyanda ambazo Wabarabaig walilishia mifugo yao "were taken over", zilitwaliwa, na wafugaji na ng'ombe wao "were driven off", walifukuzwa. Wanakijiji wa Mulbadaw "fought back", walipambana, kwa kwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na hapo ndipo "set aside" inapohitajika. Simulizi hilohilo likiandikwa kwa vitenzi vya neno moja, "established", "appropriated", "expelled", linakuwa ripoti ya ofisini. Kwa vitenzi vya maneno mawili linakaribia kuwa ushuhuda wa mtu aliyekuwapo. Vivyo hivyo kwa maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 kutoka Mlima Hanang: Kiingereza cha kawaida hakiwezi kueleza yaliyotokea Katesh bila "swept away", nyumba kusombwa, na "cut off", barabara kukatika na watu kubaki upande wa pili.

Wingi wa vitenzi hivi hutisha kuliko inavyostahili. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walichunguza hazina ya matini ya Kiingereza cha Uingereza yenye maneno milioni 100, wakakuta kwamba vitenzi 20 tu vikiungana na vijineno 8 hubeba zaidi ya nusu ya matumizi yote. Vitenzi hivyo ni vile vya darasani: "go", "come", "take", "get", "put", "set" na wenzake. Kazi iliyobaki ni ya kujifunza maana, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba nyingi. Orodha iliyotolewa na Mélanie Garnier na Norbert Schmitt mwaka 2015 ina vitenzi 150 vinavyotumika zaidi, na kwa kila kimoja inatoa maana zile tu zinazokutwa mara kwa mara, jambo linalomwokolea mwanafunzi muda mwingi. Cha kwanza ni "go on" na cha pili "pick up".

"Pick up" inafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu "picks up" gunzi la mahindi lililoanguka: anaokota. Dereva "picks up" abiria njia panda: anampakia. Mwalimu aliyehamishiwa Mbulu kutoka Pwani "picks up" Kiiraqw kwa kukaa na watu, bila kufundishwa. Simu inaita, mtu "picks up": anapokea. Redio "picks up" kituo cha mbali: inanasa. Na biashara mnadani, baada ya asubuhi ya ubaridi, "picks up": inachangamka. Zote zina chembe ya kuinua kitu kutoka kilipo, ila anayeijua ya kuokota peke yake hataipata ya kuchangamka kwa kukisia.

Kitenzi hichohicho ndicho kinachomtambulisha Mwafrika Mashariki popote anapozungumza Kiingereza. "I will pick you at the bus stand", husema wengi kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, bila "up". Huenda chanzo ni Kiswahili: husema nitakuchukua, na "chukua" haihitaji msaada. Huenda ndivyo pia "fill this form" ilivyozaliwa na jaza fomu hii. Kinyume chake nacho kipo: "cope up with", mahali ambapo Waingereza husema "cope with" tu, kijineno kikiwa kimeongezwa pengine kwa mfano wa "keep up with" na "put up with". Katika mazungumzo ya hapa nyumbani hakuna anayeshindwa kuelewa, na ni ugomvi usio na faida kumsahihisha abiria stendi. Katika karatasi ya mtihani wa taifa au maombi ya ufadhili, hali ni tofauti, maana msahihishaji hupima kwa Kiingereza cha vitabu.

Hapo huja suala la mahali pa kuvitumia. Wanafunzi wengi hushika kwamba vitenzi vya maneno mawili ni vya mtaani na vya neno moja ni vya maandishi rasmi. Kwa sehemu ni kweli: ripoti itasema "the meeting was postponed" na ujumbe wa simu utasema "they've put it off". "Tolerate" na "put up with" hugawana kazi kwa namna hiyo. Lakini "carry out" na "point out" zimo katika makala za kitaaluma bila kuleta aibu, na "set aside" ni ya majaji. Sheria ya kukwepa vyote katika insha, ambayo baadhi ya walimu huitoa, humfanya mwanafunzi aandike Kiingereza kilichokauka, tena chenye maneno ya Kilatini anayoyakosea.

Baadhi ya vitenzi hivi vimekwisha kuingia Kiswahili, vikiwa majina. Pikapu inayopakia magunia, mekapu ya bibi harusi, chekapu ya hospitali na nokauti ya ndondi vyote vimetoka huko. Kwa Kiingereza jina huandikwa kwa neno moja au kwa kistari, na mkazo huangukia sehemu ya kwanza. Kitenzi huandikwa kwa maneno mawili, na mkazo huangukia ya pili. Mekanika "sets up" mashine, maneno mawili. Kazi yake ikiisha kilichopo ni "setup", moja.

Kuvijifunza kwa orodha ya alfabeti, "break down, break in, break off, break out", ndiyo njia inayotumika sana na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huvipanga pamoja vile vinavyofanana ili vichanganyike vizuri zaidi. Afadhali kuvikusanya kwa shughuli. Safari ya basi kutoka Katesh ina "get on", kupanda, "set off", kuanza safari, "break down", kuharibika njiani, "get off", kushuka. Shamba lina vyake, zahanati ina vyake. Kila kimoja kiandikwe ndani ya sentensi nzima yenye mtu na kitu, kisha sentensi hiyo iandikwe tena kwa kiwakilishi, ili mkono uzoee mahali pa "it" na "them".

Kamusi nzuri za wanafunzi huonyesha mahali hapo kwa alama ndogo ambayo wengi hupita bila kuisoma. Vitenzi hivi hupangwa chini ya kitenzi chao, hivyo "put off" hutafutwa kwenye "put". Ikiandikwa "put sth off", kifupisho cha "something" kikiwa katikati, kitenzi hicho hutengana. Ikiandikwa "look after sb", kifupisho cha "somebody" kikiwa mwishoni, hakitengani. Na pasipo na kifupisho chochote, kama kwenye "get up", hakuna kitu cha kutendwa kinachotakiwa.